Kitambaa Kimoja Juu ya Meza Mbili

Alhamisi, 8 Agosti 1996

Haya, Lavina. Umekaa wapi? Tangu Pasaka hujaligusa daftari hili. Miezi minne. Kalamu imekauka, buibui amejenga juu ya jalada. Ungekuwa mgeni ningekufungia mlango. Utasema ulikuwa na kazi — nani hana kazi? Mimi nakujua. Ukiogopa unakimbia karatasi, kwa sababu jambo likishaandikwa haliwezi tena kukanwa.

Basi kaa. Andika. Hakuna atakayesoma, hakuna wa kuzicheka herufi zako. Shule hukwenda hata siku moja, miguu yako ya utotoni ilikuwa mibovu na njia ndefu. Marehemu Gideon alikufundisha kwa pakiti za mbegu, tayari una watoto wawili. Neno la kwanza uliloandika lilikuwa kabichi.

Jambo lenyewe ni hili. Suvilla anaolewa. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu ana miaka sita. Anaolewa na Benuel Petersheim wa ng'ambo ya kijito. Itakuwa Novemba, Alhamisi, hapahapa kwa mwanangu Levi. Hakuna cha kununua dukani. Kuku wetu, viazi vyetu, mkate atachoma mke wa Levi, Naomi, gauni Suvilla atashona mwenyewe. Ni siri mpaka shemasi atangaze kanisani mwezi wa kumi. Tunaojua ni sisi watano — na seleri.

Seleri ndiyo yenye mdomo. Kwetu sisi watu wa magari ya farasi, harusi bila seleri haipo: ya kupika, ya kutafuna, ya kusimamisha kwenye gilasi kama maua. Mtu akipanda mistari miwili anapenda supu. Akipanda kumi ana msichana ndani. Levi kapanda kumi na miwili, nyuma ya mahindi. Mahindi yatakatwa Septemba. Halafu?

Lakini seleri siiogopi. Naogopa alichosema Suvilla jana tukikata ncha za maharage. Hakuinua macho. "Bibi, nataka mama aje."

Nikajifanya sikusikia. Akarudia.


Jumanne, 20 Agosti

Fani alikuja kuazima chujio. Fani ni mke wa shemasi wetu Ezra, na machujio anayo matatu. Akapita njia ya nyuma, ya bustanini, ambayo si njia. Akasimama penye mahindi, pua juu.

"Mama Levi, nasikia harufu ya seleri."

"Mwaka huu tumbo langu linaitaka."

"Tumbo moja?"

"Nina tumbo kubwa, Fani. Umenijua miaka arobaini, leo ndiyo unaliona?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, eti Saloma bado yu hai? Mnapata habari zake?

Chujio likaniponyoka.

Saloma ni binti yangu. Mama yake Suvilla. Tazama, nimeandika jina lake na mkono haujakatika.


Jumamosi, 7 Septemba

Mahindi yamekatwa. Seleri iko uchi, kila gari la farasi likipita barabarani linapunguza mwendo.

Suvilla amekiri. Alimwandikia mama yake tangu Juni. Anwani aliitoa ndani ya Biblia yangu, nilikoificha. Mjinga mimi. Nani anaficha kitu ndani ya Biblia kwenye nyumba ambayo watu wanaisoma?

Niliketi kitandani.

Niandike yote, mara moja, nisirudie tena. Saloma alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa mbele za Mungu na mbele yetu. Akaolewa. Mumewe akafa chini ya gari la majani makavu, mtoto ana miaka minne. Saloma hakulia. Alinyamaza miaka miwili, kisha asubuhi moja akamwacha mtoto kwangu akaenda mjini, akakata nywele, akajifunza kuuguza wagonjwa. Aliyeapa akaondoka tunamtenga. Ndivyo tulivyo, na sijawahi kusema ni vibaya. Unaweza kuongea naye. Unaweza kumlisha. Lakini huli naye meza moja, na kitu hupokei mkononi mwake. Akiweka chini, ndipo unaokota.

Alikuwa akija kumwona mtoto. Mara ya mwisho Suvilla alikuwa na miaka kumi. Sisi wote tulikaa meza kubwa. Saloma nilimwekea meza ndogo pembeni ya jiko, ile ya kukandia unga, uso wake ukutani. Mimi ndiye niliyeiweka. Hakuna aliyenituma. Nilitaka shemasi asikie kwamba nyumba ya Lavina Glick inafuata taratibu.

Alikula vijiko viwili. Nilivihesabu. Akaweka kijiko, akainuka, akachukua koti. Mtoto akauliza mbele ya watu, mama hana njaa?

Miaka kumi hajarudi.

Sasa naogopa mambo mawili, na hayapatani. Naogopa asije. Naogopa aje, nimuone akiinuka tena, siku ya harusi ya mwanawe, mbele ya watu mia tatu.


Jumatano, 18 Septemba

Barua imekuja. Suvilla alinisomea, mwandiko wa Saloma umekuwa wa haraka, wa hospitali, sikuuweza.

Anasema atakuja. Atakaa benchi la nyuma, atavaa gauni refu, hatamwaibisha mtu. Kisha anasema: ila sitakula nikitazama ukuta. Nitasimama na njaa yangu au nitaondoka, lakini ukuta huo naujua kila ufa.

Suvilla akakunja barua vizuri sana. Akaniuliza, "Ukuta gani, Bibi?"

Alikuwa na miaka kumi. Kumbe amesahau ukuta. Anakumbuka tu kwamba mama aliondoka na chakula sahanini.

Nikamwambia. Nilitaka nimwambie kwa upole lakini mimi upole huwa unanishinda, nikasema tu: nilimpa mama yako meza ya unga, nikamgeuzia ukutani. Suvilla akaenda kukamua ng'ombe, saa nzima kabla ya wakati. Sijui ng'ombe walimwelewaje.


Jumatatu, 14 Oktoba

Jana tulishiriki meza ya Bwana, tukaoshana miguu. Nilimwosha Naomi, Naomi akaniosha mimi.

Leo Ezra shemasi kaja. Benuel ameshampelekea barua ya kanisa lake kwamba ni kijana safi. Kila kitu kimenyooka. Ezra akanywa kahawa yake yote, ndipo akageuza kikombe.

"Mama Levi, tumesikia kuna mgeni."

"Mmesikia wapi?"

"Nina mke."

"Hilo kweli."

Akasema askofu hajakataa. Aje, akae, asikilize mahubiri, pengine Mungu atamgusa. Ila mezani — unajua mwenyewe, meza yake peke yake. Alisema polepole, anakuna ndevu. Ezra nilimpokea mimi mikononi siku anazaliwa, mama yake akipiga kelele. Leo ndiye anayeniogopesha. Dunia hii.

"Na kama mtu atakula naye?"

"Huyo atapiga magoti mbele ya kanisa, akiri."

"Na harusi?"

Akachukua kofia yake. Ningependa angenijibu.


Jumapili, 27 Oktoba

Wametangazwa. Suvilla alibaki nyumbani kama desturi, anampikia Benuel. Mimi nilikwenda, nikakaa na wazee wenzangu. Ezra alipotaja majina, vichwa vyote vya wanawake viligeuka kwangu kama kuku walioona punje. Fani hakugeuka. Fani alikuwa anatabasamu tangu mwezi wa nane.

Benuel akatoka mbio, akachukua gari lake akaenda kwa mchumba. Levi akasimama akasema Alhamisi tarehe ishirini na moja, karibuni. Sauti yake ilikatika. Levi ni mtu wa mbao, seremala, haongei. Nilimpenda sana pale.

Kisha baba yake Benuel. Mzee Jonas Petersheim alikuja na mkewe kutusalimu baada ya chakula, akasubiri mpaka wanawake wametoa vyombo. Kanisa lao ng'ambo ya kijito ni kali kuliko letu. Hata kamba za kofia zao ni ndefu zaidi.

"Mama," akasema, "tumempenda sana binti yenu."

"Naye anawapenda."

"Tunasikia mama yake mzazi atakuwepo."

Nikasema ndiyo.

"Sisi kwetu tumefundishwa kuogopa. Nikimwona aliyetengwa yuko meza moja na walio ndani, nitainuka. Na watu wangu wote watainuka nami. Sitapenda. Lakini nitainuka."

Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa na machozi. Mtu mkali mwenye chuki unaweza kumfukuza kwa ufagio. Huyu nitamfanya nini?

Watu wake ni tisini. Hebu fikiria watu tisini wakiinuka kwa pamoja, na Suvilla wangu yuko pale kwenye pembe wanapokaa maharusi, na gauni lake la buluu.

Sijala leo.


Jumamosi, 9 Novemba

Amekuja.

Nilikuwa bustanini nafungia seleri magazeti iwe nyeupe, na baridi ya usiku isiichome. Nikasikia gari likizimwa barabarani. Sikugeuka. Nilijua hatua zake. Mtoto uliyemfundisha kutembea, unazijua hatua zake hata akivaa viatu vya mjini.

"Mama."

"Umekonda."

Miaka kumi, na hilo ndilo lililonitoka.

"Na wewe umezeeka," akasema.

Basi tukawa tumesalimiana.

Ana mvi mbele. Koti lake lina vifungo vikubwa vya rangi. Mikono ni ileile, mipana, ya baba yake Gideon. Akauliza habari za Levi, za ng'ombe, akauliza seleri mistari mingapi. Nikamwambia kumi na miwili. Akasema ya harusi yangu ilikuwa minane. Nikasema yako ilikuwa tisa, mmoja uliliwa na sungura. Akacheka! Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa pua.

Alikuwa na kifurushi. Akanyoosha mkono kunipa — akakumbuka. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Tukabaki hivyo, mikono hewani, kama watu wawili wanaopima kitambaa ambacho hakipo. Kisha akainama akakiweka chini, katikati ya mistari miwili, juu ya udongo. Akarudi nyuma hatua moja. Nikainama nikakiokota.

Nimefanya hivyo maisha yangu yote na wengine. Sikujua kiuno kinaweza kuuma kiasi hicho.

Ilikuwa aproni yake nyeupe ya harusi. Ile mwanamke anayovaa siku ile moja, halafu inawekwa sandukuni mpaka siku ya kumzika. Aliondoka nayo miaka yote hiyo.

"Mimi sitazikwa nayo. Mpe Suvilla."

"Suvilla ameshona yake," nikasema. "Hii naiweka sandukuni. Ni yako. Usiniletee habari za kuzikwa, nina miaka sabini na minne, zamu ni yangu."

Akafuta pua kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya nikimgombeza. Akauliza: "Nitakaa wapi, Mama? Siku ile."

"Si ukutani."

"Wapi sasa?"

"Nimesema si ukutani, Saloma."

Nilisema kama mtu anayejua. Nilikuwa sijui lolote. Gari lilipoondoka niliketi chini palepale kwenye seleri na magazeti, mpaka Naomi akaja akadhani nimeanguka.


Jumanne, 12 Novemba

Nimepata. Mungu anisamehe, au anipongeze, atajua mwenyewe.

Mama yangu aliwahi kunisimulia. Enzi za bibi yake, mtu alikuwa na ndugu aliyetengwa. Wakaweka meza mbili, zimeachana nafasi ya vidole. Juu wakatandika kitambaa kimoja kirefu. Chini ni meza mbili, taratibu imefuatwa. Juu ni meza moja, mama anamwona mwanawe usoni.

Nikawaambia jikoni. Naomi akaacha kukanda.

"Na askofu, Mama?"

"Askofu ana macho ya kuona kitambaa. Hana mikono ya kukifunua."

"Na wa ng'ambo? Mzee Jonas?"

Nikalichukua donge lake nikalikanda mimi.

Levi alikuwa anakunywa kahawa, amesimama. Yeye huwa hasemi. Akauliza, "Vidole vingapi?"

"Vitatu."

Akatoa futi yake mfukoni, akapima vidole vyangu vitatu, palepale juu ya meza, kama anapima mbao. Akaandika. Akatoka. Kumbe mwanangu kwa miaka kumi na minne alikuwa anasubiri mtu amwambie la kufanya na mbao.

Suvilla anaunganisha vitambaa viwili kwenye cherehani ya mguu. Gauni lake limeisha, linaning'inia mlangoni, buluu. Mshono wa kitambaa ameuweka usiwe juu ya nafasi. Nilimwona akipima. Hajaniambia neno. Ila tangu niseme habari ya ukuta, leo mara ya kwanza ameniletea chai bila kuombwa.


Jumatatu, 18 Novemba

Baridi kali. Seleri imesalimika. Moyo wangu hapana — unapiga kama kuku ndani ya gunia. Viazi magunia manane yamemenywa na wanawake wa jirani, midomo ikifanya kazi kuliko visu. Kila mmoja ameuliza habari ya Saloma kwa njia yake. Mmoja kauliza kama atavaa suruali. Nikamwambia wewe mwenyewe ungevaa kama ungekuwa na miguu ya kuonyesha. Wakacheka, nami nikaingia stoo nikapanga upya mitungi ya achari.


Jumanne, 19 Novemba

Gari la mabenchi ya kanisa limefika. Levi ameweka zile meza mbili chumba cha jikoni, mlango ukiwa wazi maharusi watatuona kutoka pembe yao. Kitambaa kimetandikwa kujaribu. Ukisimama mbali — meza moja. Nzuri kabisa.

Ezra akaingia bila kubisha, anamtafuta Levi kwa habari ya farasi. Akaona. Nikajibanza kwenye jiko, nikasema moyoni basi, imeisha.

Akaja polepole. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakipitisha kama anayepapasa ng'ombe. Kikafika penye nafasi, kikazama kidogo. Akasimama hapo.

"Vitatu," akasema.

Akanionyesha vidole vyake viwili.

"Baba yangu aliweka viwili. Kwa ajili ya kaka yake."

Akavuta kitambaa kikanyooka, akafuta alama ya mkono wake. Akasema yeye hajaona kitu, amekuja kwa habari ya farasi. Mlangoni akageuka. "Mama Levi. Mzee Petersheim si mimi. Na nani atakaa upande wa pili? Kitambaa hakitamtosha, anahitaji mtu."

Kweli. Hilo sikulifikiria! Nilifikiria mbao tu. Naomi, aliyekuwa anafuta sahani, akatazama chini, ana watoto saba, akipiga magoti kanisani watoto wataona. Levi atakuwa anahudumia. Suvilla yuko pembe ya maharusi.

"Mimi," nikasema.

Naona hata sauti yangu ilishangaa.


Jumatano, 20 Novemba

Kuku arobaini. Bwana harusi ndiye anayekata vichwa, ni desturi, wanaume wenzake wanamzunguka na kumtania: kaza mkono, Benuel, kesho hutakata, kesho utakatwa wewe. Benuel mwembamba, masikio mekundu kwa baridi. Kuku wa tatu akamponyoka, akakimbia bila kichwa mpaka kwa wanawake, Fani akapanda juu ya benchi.

Baadaye akaja kunawa kwenye pampu ya maji karibu yangu.

"Bibi, baba yangu atainuka kweli. Hasemi kitu asichofanya."

"Najua, mwanangu."

"Nimemwomba. Nimelia mbele yake. Akalia na yeye."

"Na wewe utafanyaje akiinuka?"

Akaosha mikono tena, ilikuwa tayari safi.

Jioni namchana Suvilla nywele. Mara ya mwisho kama msichana. Nywele nzito, za mama yake. Nikasema maneno ya kawaida, kesho usile haraka, ukisimama mbele ya askofu usitazame viatu. Akanikatiza.

"Bibi. Mama akiinuka kesho, nami nitainuka."

Kitana kikasimama.

"Nikiwa na Benuel pembeni, nikiwa na gauni lile. Nitainuka nitoke naye mpaka barabarani. Sikumfuata nilipokuwa na miaka kumi."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia. Nikaendelea kuchana. Bibi harusi akitoka nje siku ya harusi yake na mwanamke aliyetengwa — hakuna njia ya kurudi kutoka hapo. Watamhoji. Ana ubatizo wa miaka miwili tu. Nitawapoteza wote wawili kwa sahani moja ya kuku.

Nikamwambia lala. Hilo tu.


Alhamisi, 21 Novemba

Niko stoo, nyuma ya mitungi ya achari. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni tangu asubuhi, sijui kwa nini nimelichukua. Dakika tano tu. Nimesema nafuata bakuli.

Wameoana. Saa tatu na nusu za nyimbo na mahubiri, kisha askofu akawashika mikono. Suvilla hakutazama viatu.

Saloma alikuja. Gauni refu la kijivu, kichwa amefunga kitambaa. Alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, peke yake, watu wameacha nafasi pande zote mbili kama kuna mtu kamwaga maji. Wimbo ulipoanza nilimsikia. Maneno yote anayo bado. Anaimba sauti ya chini ya Gideon.

Sasa mabenchi yamegeuzwa kuwa meza. Kelele, sahani, harufu ya kuku na mkate. Levi ametandika kitambaa chetu mwenyewe, amekinyoosha mara tatu. Maharusi wameshakaa pembeni, seleri kwenye gilasi mbele yao. Mlango wa jikoni uko wazi. Suvilla anatazama huku tu. Benuel anamtazama Suvilla.

Saloma amekaa. Upande wake. Hana ukuta mbele, mbele yake ni kiti changu kitupu. Naomi amemwekea sahani: kuku, viazi, seleri ya maziwa. Mikono yake iko mapajani. Hajagusa kijiko. Ananingoja mimi.

Na Mzee Jonas Petersheim amekuja hadi mlango wa jikoni. Nilimwona nikiwa nakuja huku. Ametazama kitambaa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ameinama kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu, anatazama miguu ya meza. Nyuma yake watu wake wamesimama, bado hawajakaa, wanasubiri waone yeye atakaa au hatakaa. Ezra anamwambia kitu sikioni. Sikusikia. Kuna kelele nyingi, halafu ghafla hakuna.

Sijawahi kuogopa hivi. Siku ya Gideon sikuogopa hivi, alikuwa ameshakufa, hakuna lililobaki. Leo kila kitu bado kiko hai.

Naomi ananiita. "Mama? Bakuli limepatikana?"

Naenda. Nakwenda kukaa pale, nile, mbele ya macho yao wote. Nikipigishwa magoti nitapiga.

Lavina, nisikilize. Ukirudi kwenye daftari hili, andika kwanza kama Saloma alikula. Kabla ya Petersheim, kabla ya shemasi, kabla ya nani aliinuka. Kama alikula, andika alikula nini na kiasi gani. Kama hakula, usiandike neno. Funga daftari, chukua sahani yake, umfuate barabarani.